Laptopu yatokota kama chungu? Huenda volteji imezidi

NA MWANDISHI WETU

JE, msomaji mpenzi, umewahi kuketi sebuleni jioni, kijana wako akicheza kandanda ya kompyuta, ukasikia feni ya laptopu ikinguruma mithili ya kinu cha kusaga unga? Ukiweka kiganja juu ya kibodi, unakiondoa upesi. Ukipitisha mkono ubavuni, unapigwa na hewa ya moto kama ile itokayo kwenye jiko la makaa.

Pengine wewe ndiwe kijana huyo. Mechi imefika dakika za mwisho, mnatoshana bao moja kwa moja, na mara picha zaanza kwenda kwa kusitasita. Mchezaji wako anaganda mbele ya lango. Akigutuka, mpira ameshanyang'anywa.

Hapo mzazi hupaza sauti, "Zima mashine hiyo kabla haijatuunguzia nyumba!" Kijana naye hujibu kwamba laptopu imezeeka na sasa yafaa inunuliwe nyingine.

Kabla hamjafika huko, kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mara nyingi kifaa kinachochemka ndani ya laptopu, yaani prosesa, hulishwa volteji kubwa kuliko ile inayohitaji. Ukiipunguzia kidogo, joto hushuka, feni hutulia, na kasi haipungui. Kwa mashine nyingi kasi hata huongezeka. Kazi hiyo haihitaji senti, wala bisibisi.

Mafundi huiita andavolti. Wanafunzi wa vyuo wanaopenda michezo ya kompyuta wameifahamu kwa miaka mingi, lakini wengi wao huifanya nusu. Hushusha volteji, hufurahia ubaridi, kisha husahau kupima kama mashine bado inafanya hesabu sawasawa. Hiyo nusu ya pili ndiyo yenye uzito, hasa katika nyumba ambamo laptopu moja ndiyo ya michezo usiku na ya kuandikia mradi wa mwaka wa mwisho asubuhi.

Joto latoka wapi?

Stima inayoingia nyumbani kwako ni ya volti 240. Chaja ya laptopu huishusha hadi volti 20 hivi. Ndani ya mashine kuna saketi nyingine inayoishusha tena hadi karibu volti 1 tu, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye prosesa.

Volti moja yaonekana ni kitu kidogo, sivyo? Lakini prosesa inayotumia wati 45 kwa volti 1 hupitisha ampea 45. Plagi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13. Hebu fikiria basi mkondo wa umeme unaopita katika kijipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba! Umeme huo wote huishia kuwa joto.

Kwa muda mrefu viwanda vimekuwa vikipunguza volteji hii. Prosesa ya kwanza ya Pentium, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka wa 1993, ilitumia volti 5. Iliyofuata mwaka wa 1994 ilitumia volti 3.3. Leo tunazungumzia volti 1 na kidogo. Bila upunguzaji huo, kompyuta za leo zenye mabilioni ya swichi ndogo ndogo zingeyeyuka.

Kwa nini volteji iwe na nguvu hivyo juu ya joto? Chukulia kila swichi ndani ya prosesa kuwa ni mtungi unaojazwa maji na kumwagwa, mara mabilioni kwa sekunde. Ukiongeza volteji, unajaza maji mengi zaidi, na papo hapo unayamwaga kutoka mahali pa juu zaidi. Gharama inaongezeka mara mbili kwa kosa moja. Ndiyo maana wahandisi husema kwamba umeme unaotumika hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme prosesa yako inatumia volti 1.10 na wati 60 wakati wa mchezo mzito. Ukiipunguzia milivolti 100, yaani sehemu moja ya kumi ya volti, inabaki na volti 1.00. Volteji imepungua kwa asilimia 9 tu. Lakini umeme unaogeuka joto umepungua kwa asilimia 17 hivi, na zile wati 60 zimekuwa karibu 50. Kasi haijaguswa hata chembe.

Mbona kiwanda hakikupunguza?

Swali hili ni la haki. Kama volteji ndogo inatosha, mbona waliotengeneza mashine hawakuiweka tangu mwanzo?

Jibu ni kwamba chipu hazifanani. Mwanamke anayepika maandazi kando ya barabara hutumia unga mmoja, mafuta mamoja na karai moja, lakini maandazi yake hayatoki sawa. Moja hufura vizuri, jingine hubaki limenywea. Ndivyo zilivyo chipu. Mbili zilizokatwa kutoka bamba moja la silikoni huweza kutofautiana: moja ikafanya kazi sawasawa kwa volti 1.00, nyingine ikadai 1.08.

Kiwanda hakiwezi kuketi na kila chipu siku nzima kikiibembeleza. Huongeza volteji ya akiba, ili hata iliyo dhaifu kabisa ifanye kazi bila kuyumba, katika chumba chenye joto, na baada ya miaka kadhaa ya uchakavu. Akiba hiyo ni bima. Unapopunguza volteji, unakula sehemu ya bima hiyo. Ukila kiasi, hupati dhara lolote. Ukiila yote, mashine itayumba.

Na bima yenyewe ikizidi huwa hasara. Mwaka wa 2024, Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kompyuta za mezani, za Core kizazi cha 13 na cha 14, zilikuwa zikipata volteji ya juu kupita kiasi na kuharibika kabla ya wakati wake. Kampuni hiyo ilitoa marekebisho ya programu na kuongeza waranti kwa miaka 2. Ilisema kwamba prosesa za laptopu hazikuwa na tatizo hilo. Hata hivyo, kisa hicho kilifunza wengi kwamba volteji nyingi si heri nyingi.

Joto ndilo mwizi wa kasi

Wengi hudhani kwamba mashine ikipata joto, hatari yake ni kuungua. La. Prosesa za siku hizi zina akili ya kujilinda. Zikifika kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu ni nyuzi 100 za sentigredi, hujipunguzia kasi zenyewe. Joto lisipokoma, mashine hujizima.

Kule kusitasita kwa picha katikati ya mechi, basi, mara nyingi ni prosesa inayovuta breki. Umelipia kasi ya gigahezi 4, lakini joto linakuruhusu 3 au chini ya hapo.

Kisa kilichosikika sana ni cha Julai 2018. Kampuni ya Apple ilikuwa imetoa MacBook Pro mpya yenye prosesa ya Core i9. Dave Lee, anayetathmini kompyuta kwenye YouTube, alionyesha kwamba mashine hiyo ya bei ghali ilikuwa ikishuka chini ya kasi yake ya msingi kwa sababu ya joto. Alipoiweka ndani ya friza, kazi ile ile ya kuandaa video iliyochukua dakika 39 hivi ilimalizika kwa takriban dakika 27. Kabla ya mwezi huo kwisha, Apple ilikiri kwamba kulikuwa na kasoro katika programu ya kudhibiti joto, ikatoa marekebisho.

Usije ukaitia laptopu yako friza, msomaji! Unyevu utakaoganda ndani yake utaiua. Funzo ni kwamba chipu ile ile, ikipata ubaridi, hukimbia zaidi. Na kwa kuwa laptopu imewekewa kiwango cha wati, kwa mfano 45, kupunguza volteji huifanya ipate kasi zaidi kutoka kwa wati zile zile.

Anza na vumbi

Kabla hujagusa volteji, tazama mambo ya kawaida. Laptopu iliyowekwa juu ya kitanda au kochi huvuta hewa kupitia blanketi. Iweke juu ya meza ngumu. Iinue kidogo kwa nyuma, hata kwa vifuniko viwili vya chupa.

Vumbi la barabarani huingia kwenye feni na kujikusanya mithili ya pamba kwenye mapezi ya shaba. Mpelekee fundi aifungue na kuisafisha, na kama ni ya miaka mitatu au zaidi, abadilishe pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na shaba. Hili ni muhimu zaidi kwa laptopu zilizotumika ng'ambo ambazo wengi wetu hununua katika maduka ya mjini. Hujui zilikaa wapi wala zilisafishwa lini.

Mahali unapoishi nako kuna neno lake. Joto la chumba huongezwa karibu lote juu ya joto la prosesa. Chumba cha nyuzi 32 kule Mombasa mwezi wa Machi kitaifanya mashine iwe na joto la nyuzi 10 zaidi ya chumba cha nyuzi 22 Nairobi. Lakini wa Nairobi naye asijigambe. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Feni ikizunguka mara zile zile, hubeba hewa kidogo zaidi.

Je, yako inaruhusu?

Hapa ndipo wengi hukwama. Si kila laptopu inaruhusu volteji iguswe.

Mnamo Desemba 2019, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, Graz nchini Austria na Leuven nchini Ubelgiji walitangaza udhaifu waliouita Plundervolt. Walionyesha kwamba mtu aliyekwisha kuidhibiti kompyuta angeweza kushusha volteji ya prosesa ya Intel kwa ghafla, akailazimisha ikosee hesabu ndani ya sehemu yake ya siri, na kwa kosa hilo akachomoa funguo za siri zilizofichwa humo.

Intel ilitoa marekebisho yanayowezesha volteji kufungwa. Watengenezaji wengi wa laptopu wakafunga mlango huo kupitia programu ya msingi ya mashine, ile inayoitwa BIOS. Ndiyo sababu laptopu ya mwaka wa 2018 huenda ikakubali, na ya mwaka wa 2021 ikakataa kabisa.

Kwa jumla, prosesa za Intel Core za kizazi cha 8 na cha 9 ambazo BIOS yake haikufungwa hukubali. Za baadaye, tazama jina: zinazoishia kwa herufi HK au HX zina nafasi nzuri zaidi, iwapo mtengenezaji wa laptopu ameruhusu. Baadhi ya mashine zenye prosesa za AMD Ryzen nazo zina njia yake inayoitwa Curve Optimizer, ama ndani ya BIOS ama kupitia programu ya AMD yenyewe.

Kujua hakika ni rahisi. Weka programu ya Intel iitwayo Extreme Tuning Utility, au ile iitwayo ThrottleStop ambayo wengi huipendelea. Zote ni za bure. Kama sehemu ya kushushia volteji imefifia na haiguswi, mlango umefungwa.

Wako watakaokushauri urudishe BIOS ya zamani ili ufungue mlango. Usikubali upesi. BIOS ya zamani hurudisha pia mianya mingine ya usalama iliyokwisha kuzibwa, na kosa dogo wakati wa kuibadilisha laweza kuifanya mashine isiwake tena. Hali kadhalika, baadhi ya laptopu hudai uzime kinga fulani ya Windows kabla ya kukubali. Kama laptopu hiyo ndiyo mnayotumia kwa benki na kwa barua za kazi, nyuzi chache za ubaridi hazilipi hasara hiyo.

Hatua kwa hatua

Tuseme mlango uko wazi. Chukua mfano wa Core i7-9750H ya mwaka wa 2019, iliyokuwa katika laptopu nyingi za michezo: ina viini 6, imepangiwa wati 45, na kasi yake hufika gigahezi 4.5. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, weka nakala ya faili zako zote muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Usiruke hatua hii.

Pili, pima hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote. Programu ya HWiNFO itakuonyesha joto na kasi. Endesha jaribio la Cinebench R23 kwa dakika 10 laptopu ikiwa kwenye chaja. Andika katika daftari alama ulizopata, joto la juu kabisa, na kasi ya wastani. Asiyejua alikotoka hatajua kama amesonga mbele.

Tatu, shusha volteji kwa milivolti 50. Programu itakuonyesha sehemu mbili, ya viini na ya kache. Kwa kuanzia, zipe zote mbili kiwango kimoja. Usikubali mabadiliko hayo yawe yanajiwasha pamoja na Windows. Kwa njia hiyo, mashine ikiganda, utaizima na kuiwasha, nayo itarudia hali yake ya kiwanda.

Nne, rudia jaribio lile la dakika 10. Likipita salama, teremka kwa milivolti 10, ujaribu tena. Endelea hivyo. Watu wengi wenye prosesa za kizazi hicho wamefika milivolti 100 hivi, wengine zaidi, wengine hawakufika. Chipu yako si ya jirani yako. Usinakili namba yake.

Tano, kuna wakati mashine itaganda, au itajizima, au utaona skrini ya buluu. Usishtuke. Volteji ndogo haiunguzi prosesa. Umeufikia mpaka wake. Sasa rudi nyuma kwa milivolti 20 au 30 kutoka mahali ilipoanguka, na hapo ndipo utakapokaa.

Sita, pima upya na ulinganishe na daftari. Ukiona joto limeshuka na alama za Cinebench zimepanda au zimebaki pale pale, umefaulu.

Usiamini jaribio moja

Sasa twafika kwenye ile nusu ya pili. Mashine kupita jaribio la dakika 10 si dalili kwamba iko salama.

Ajabu ni kwamba laptopu iliyopunguziwa volteji yaweza kustahimili mchezo mzito saa nzima, halafu ikaanguka wakati unasoma barua pepe. Sababu ni kwamba prosesa hubadilisha kasi na volteji kila mara. Ikiwa na kazi nyepesi, kiini kimoja huruka ghafla hadi kasi ya juu kabisa, na hapo ndipo volteji ndogo hukosa kutosha. Kuna pia zile zinazoanguka zikiamshwa kutoka usingizini.

Kwa hivyo ipe wiki nzima ya matumizi ya kawaida. Cheza mechi saa moja. Tazama video. Ifunge, iache ilale, iamshe. Itumie kwa chaja na kwa betri. Katika siku hizo, kazi ya maana iwe inahifadhiwa mahali pengine pia.

Kuna ishara nyingine inayopuuzwa. Windows huweka kumbukumbu za matukio ya ndani. Ukizifungua ukakuta maneno WHEA yakijirudia tangu ulipogusa volteji, prosesa inakuambia kwamba imekosea na ikajisahihisha. Leo imejisahihisha. Kesho huenda isiweze. Rudisha milivolti 10 au 20 hata kama hujaona mashine ikianguka.

Hatari kubwa kabisa ni kosa lisiloonekana. Kompyuta isiyo thabiti huweza kuandika faili vibaya bila kupiga kelele. Mchezo ukiharibika, utaanza upya, basi. Lakini je, sura ya tatu ya mradi wako ikikataa kufunguka juma la kuwasilisha? Je, hesabu za biashara ndogo ya mama zikiwa na namba isiyo sahihi? Kupata nyuzi 3 zaidi za ubaridi hakufai kulipiwa bei hiyo.

Hapo ndipo vijana wengi hupotea. Hushindana nani ameshusha zaidi, kana kwamba ni mbio. Mwenye milivolti 80 zisizoyumba amemshinda mwenye 140 ambaye mashine yake huzima mara moja kwa wiki.

Kama mlango umefungwa

Ikiwa laptopu yako haikubali, usikate tamaa. Kuna njia nyingine za kuipoza.

Katika mipangilio ya umeme ya Windows, ukishusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi za Intel huacha kuruka kwenda kasi ile ya juu. Joto hushuka sana. Kasi nayo hupungua, lakini kwa michezo mingi, ambayo hutegemea zaidi chipu ya picha, huenda usione tofauti kubwa.

Tazama pia mchezo wenyewe. Kama skrini yako huonyesha picha 60 kwa sekunde, hakuna faida ya kuiacha mashine ihangaike kutengeneza 140. Weka kikomo cha 60 ndani ya mchezo, na feni itakushukuru.

Chipu ya picha ya Nvidia nayo kwa kawaida hukubali kupunguziwa volteji kupitia programu ya MSI Afterburner, hata pale prosesa ilipofungwa. Kanuni ni zile zile: kidogo kidogo, jaribu, andika, rudi nyuma hatua moja. Na kwa kuwa laptopu nyingi hutumia mirija mamoja ya shaba kupoza chipu zote mbili, ukiipoza moja umeipunguzia nyingine mzigo.

Neno kwa mzazi na kwa mwanafunzi

Mzazi, kijana akikuambia anataka kupunguza volteji, usimfokee kwamba atalipua mashine. Muulize maswali matatu: Je, umeweka nakala ya faili? Umeandika vipimo vya mwanzo? Utajuaje kwamba haiyumbi? Akiyajibu yote matatu, mwache ajaribu, na uketi naye utazame. Kama laptopu ingali ndani ya waranti, someni kwanza masharti yake pamoja.

Nawe mwanafunzi, ukishapata namba yako, iandike kwenye kijikaratasi uibandike chini ya laptopu: milivolti ngapi, tarehe gani. Msimu wa joto ukifika, au BIOS ikisasishwa, pima tena. Chipu huzeeka, na volteji iliyotosha mwaka huu huenda isitoshe baada ya miaka miwili. Siku hiyo ikifika, rudisha milivolti 10 bila kuona haya.

Na katika juma la mitihani, au siku tatu kabla ya kuwasilisha mradi, rudisha mashine kwenye volteji ya kiwanda. Iache ingurume. Kelele ya feni haijawahi kumfelisha mtu mtihani, lakini faili iliyopotea imewafelisha wengi.